Vijiti vya Mume Wangu

Siku ile uani kwangu, Temeke, walikuwepo hawa. Mie mwenyewe, mjane. Mwanangu wa kwanza, wa kiume, anayekaa Boko, aliyekuja na gari limejaa viti vya plastiki. Mwanangu kitinda mimba, wa kike, msusi, anayekaa na mie. Mwalimu wa kwaya, ambaye hana udugu wowote na sie, ila mwanangu wa kwanza ndiye aliyemleta. Jirani yangu wa mbele, mwenye duka, familia yake Waarabu wa siku nyingi hapa mtaani, shoga yangu tangu tukiwa na mimba za watoto wetu wa kwanza. Halafu wanakwaya, majirani, na watu wa machinjioni Vingunguti waliofanya kazi na marehemu.

Majina ya wote ninayo. Mie sijawahi kusahau jina la mtu. Hata aliyekaa kiti cha nyuma kabisa na kuondoka na sahani yangu, jina lake ninalo na la mama yake ninalo. Lakini humu siandiki jina la mtu, kwa sababu naandika na hasira, na jina lililoandikwa kwa hasira halirudi tena nyumbani.

Asiyekuwepo ni mume wangu, na shughuli ilikuwa yake. Ilikuwa kumbukumbu ya mwaka tangu tumzike.

Nimesoma mpaka darasa la nne. Haya naandika kwa mkono, kitinda mimba anayanakili kwenye simu. Nimemkataza asinyooshe neno. Mtaona kwa nini.

Mume wangu alikuwa mtu wa bara, nyanda za juu. Ujana wake aliumalizia kwenye karakana ya useremala ya misheni moja ya Wataliano. Palikuwa na padri mzee pale, Mtaliano, aliyekuwa na gitaa dogo kuliko haya mnayoyaona kwenye kwaya, na nyuzi zake zilikuwa jozi tano, kila uzi na pacha wake. Alilichonga mwenyewe palepale karakanani. La pili walilichonga wote wawili, na hilo la pili ndilo linaloning'inia ukutani kwangu mpaka leo.

Padri hakumfundisha noti za kupanda na kushuka ngazi. Alimfundisha jinsi watu wa kwao walivyokuwa wakiandika gitaa zamani sana, karne nyingi nyuma, huko Italia. Ni namna nyepesi, na kwa kuwa ni nyepesi watu wanaidharau. Unaandika maneno ya wimbo. Juu ya maneno unaweka herufi. Herufi ile ni mkao wa vidole vya mkono wa kushoto, basi. Ukiona A, vidole vinakaa hivi. Ukiona B, vinakaa vile. Ukiona alama ya kujumlisha, vidole viwili tu, sambamba, kwenye nyuzi za juu. Halafu unachora mstari mmoja uliolala, na juu yake na chini yake unaweka vijiti. Kijiti kikining'inia chini ya mstari, mkono wa kulia unashuka. Kijiti kikisimama juu ya mstari, mkono unapanda. Herufi ni ya kushoto, kijiti ni cha kulia. Tuni haimo. Tuni inakaa kinywani mwa watu.

Mume wangu alikuja mjini na gitaa lile na daftari moja la karatasi ngumu. Akapata kazi machinjioni. Siku za mwanzo alikuwa anatengeneza nyuzi mwenyewe kwa utumbo wa mbuzi, kama padri alivyomwelekeza. Anausafisha, anaukwangua, anausokota, anauanika kwenye kamba yangu ya nguo. Jirani yangu mwenye duka alivuka barabara amejifunika pua kwa mtandio.

"Shoga, mumeo anapika nini?"

"Anapika muziki," nikamwambia.

"Basi atie ndimu!"

Mikono yake ilikuwa na mafuta ya machinjioni wakati wote, hata aoge vipi, na daftari lile likashika harufu hiyo. Kumbukeni harufu hiyo, inarudi.

Alikuwa hana kitu cha kusimamishia daftari. Kwa hiyo kila Jumapili baada ya chakula cha mchana alikaa kwenye kigoda, mie nikakaa mbele yake kwenye mkeka, nikalishika daftari wazi kifuani kwangu, limemtazama yeye. Akimaliza ukurasa ananinyanyulia kidevu, nafungua mwingine. Zaidi ya miaka arobaini nilikuwa ubao wa mume wangu. Yeye alisoma kutoka upande wake. Mie nilichungulia kutoka juu, kila kitu kimepinduka, maneno yanatembea kinyumenyume, na kijiti kilichoning'inia kwake kwangu kimesimama. Lakini nilikuwa nauona mkono wake, na nikajua: nikiona kimesimama, mkono unashuka. Sikujua kwamba najifunza. Naye hakujua. Angejua labda angetafuta kitu kingine cha kushikia.

Kitinda mimba alipokuwa mdogo aliomba afundishwe. Baba yake akasema gitaa si la mtoto wa kike. Aliomba mara tatu, mtoto wa watu, mwisho akaenda kufundishwa kusuka. Hilo nalo lina hasira yake, na marehemu huko aliko alisikie.

Sasa wimbo. Tulipooana tulipanga chumba kimoja hapahapa Temeke, na chumba hakikuwa na mlango. Seremala mzima, kanioa, kaniweka kwenye chumba cha pazia la khanga! Kila siku naambiwa mlango unakuja. Nikagoma kupika. Ndipo akatunga wimbo wa kunilainisha:

*Mlango unakuja, mama, mlango unakuja,*
*leo khanga, kesho mninga,*
*usiponifungulia nitagonga wapi?*

Na mkono wa kulia ulikuwa unagonga. Chini, chini, juu. Halafu kimya, kama mtu aliyesimama nje anasikiliza kama kuna nyayo ndani. Halafu tena: chini, chini, juu. Kile kimya ndicho kilichonichekesha mpaka nikawasha jiko. Mlango ulikuja baada ya miezi minane, wa mbao ya mninga kweli, na upo hapa nyuma yangu.

Siku za mwisho, akiwa kitandani, alituambia mie na watoto wote wawili, "Siku mkinikumbuka, msinililie sana. Nigongeeni mlango." Hilo ndilo aliloomba, hakuomba kingine.

Mwanangu wa kwanza alilichukua jambo lile kwa moyo, siwezi kusema uongo. Miezi miwili kabla ya kumbukumbu alimleta mwalimu wa kwaya sebuleni kwangu. Kijana msafi, shati limepigwa pasi, shikamoo yake ya adabu. Nikalitoa daftari kwenye sanduku, akaliweka mapajani, akashika gitaa lake la kisasa, akapiga herufi ya kwanza. Ilitoka sauti kama mtu kakanyagwa kidole.

"Hiyo siyo," nikamwambia.

"Bibi, hapa pameandikwa A. Hii ndiyo A."

"Hiyo ni A yenu. A ya humu ni kidole kimoja kule juu, viwili kule chini vimebanana kama watu kwenye benchi."

Akaweka vidole kama nilivyosema. Akapiga. Ikatoka sauti ya Jumapili zangu zote, mpaka kitinda mimba aliyekuwa anasuka mteja uani akaacha kichwa cha mtu akaja mlangoni.

"Aaa," mwalimu akasema, "kumbe hii ni G. Mzee alikosea majina."

"Hakukosea."

"Bibi, A ni A dunia nzima."

"Dunia yako ilianza lini, baba? Ya padri ilikuwepo kabla bibi wa bibi yako hajazaliwa."

Akacheka kwa adabu, kama watu wanavyomchekea kizee. Akaniuliza mikao ya herufi nyingine, nikamtajia. Kisha akatoa kalamu nyekundu mfukoni, na mbele ya macho yangu akaanza kusahihisha. Wino mwekundu juu ya penseli ya mume wangu! Alikuwa amefika herufi ya tano nilipompigia kelele mpaka jirani akatoka dukani.

"Mama," mwanangu akasema, "huyu ana digrii ya muziki. Yale mambo ya padri yameshapitwa. Tunataka tuyaweke kisasa, wajukuu wako wasome. Muache afanye kazi yake."

Nikamuacha. Nikawapa daftari likatoka nje ya nyumba. Na habari ya vijiti sikumwambia mwalimu. Hapo ndipo hasira inaponigeukia mwenyewe. Nilidhani mtu mwenye digrii ataviona. Vilikuwa vingi kuliko herufi, vimejaa ukurasa mzima! Nani anapika wali akaambiwa usisahau mchele?

Siku ya kumbukumbu tulitoka kanisani, watu wakakaa chini ya turubai, na kabla ya chakula mwanangu akasimama. Akasema maneno mazuri juu ya baba yake. Kisha akanikabidhi kitabu. Jalada gumu la buluu, karatasi nyeupe, nyimbo ishirini na sita zimepigwa kompyuta, herufi nyeusi zimenyooka kama meno ya tangazo la dawa. Watu wakapiga makofi. Akinamama wa kwaya wakapiga vigelegele.

Nikafungua. Maneno yapo. Herufi zipo, zile za mwalimu. Mstari haupo. Kijiti hakipo hata kimoja.

"Vijiti viko wapi?" nikauliza.

"Vijiti gani, bibi?" mwalimu akasema.

"Vya juu ya mstari na chini ya mstari."

Akafikiri. "Aa, ile mikwaruzo? Nilidhani mzee alikuwa anajaribu penseli. Nikaisafisha."

Akaisafisha! Mikono ya mtu ya miaka arobaini, akaisafisha kama makombo mezani.

"Haya," nikasema, na nilisema taratibu, wanaonijua wanajua nikisema taratibu kuna nini. "Leteni daftari langu."

Mwanangu akatazama viatu vyake. Hapo nikajua.

"Mama, lilikuwa limeshaisha kabisa. Limeliwa na mende, linanuka mafuta, mke wangu akawa hawezi hata kupanda gari. Na yote yalishahamishiwa kwenye kitabu. Nikalitupa."

"Wapi?"

"Gari la taka lilipita, mama."

"Na picha? Nyie mnapiga picha hata sahani ya wali. Hamkulipiga picha?"

Mwanangu akatikisa kichwa. Mwalimu akasema pole. Nikamwambia pole yako ipigie kompyuta.

Nisingeendelea na shughuli ile, ningeingia ndani nikafunga mlango, mlango huohuo. Lakini watu walikuwa wameshakaa, na mwalimu, ili kuituliza hali, akachukua gitaa lake akaanza. Mlango unakuja, mama, mlango unakuja. Herufi zilikuwa sahihi, sikatai, vidole vilikaa panapotakiwa. Lakini mkono wa kulia ulikuwa unashuka tu, unashuka tu, sawasawa, pole pole, kama mtu anayefagia. Hapakuwa na kimya hata kidogo. Wanakwaya wakaimba na nyuso za msiba. Wimbo wa mwanaume anayembembeleza mkewe apike ukawa wimbo wa kaburini.

Watu wa machinjioni walitazamana. Mmoja wao, mzee, akamwambia mwenzake kwa sauti ambayo alidhani ni ndogo, "Kumbe hata jamaa hakuwa anajua gitaa kihivyo. Sie tulikuwa tunamsifia bure."

Neno lile liliniingia kuliko daftari. Daftari limetupwa, sawa, ni karatasi. Sasa na mwenyewe anatupwa, nimekaa natazama, uani kwangu, siku yake.

Jirani yangu akanitangulia. Ni mtu mnene, kusimama kwake kunachukua muda, lakini akisimama amesimama. "Mwalimu, samahani mwanangu. Mie sijui gitaa. Ila nimekaa hapo mbele miaka yote hii, na mzee hakupigaga hivyo. Mzee alikuwa akipiga huo wimbo, wateja wangu wanageuka kuangalia nani anabisha hodi."

"Bibi, nimepiga kama ilivyoandikwa," mwalimu akasema.

"Kama ulivyoandika wewe," nikasema mie. "Nipe kitabu. Na penseli."

Nikakaa chini kwenye mkeka, nikaufungua ukurasa ule, nikaupindua, kichwa chini. Ndivyo nilivyouona maisha yangu yote. Ukinipa ukurasa uliosimama sawa, mie siujui.

Kicheko kilianzia kwa vijana wa kwaya kikasambaa. Mwanangu akainama sikioni kwangu. Mtoto ana huruma, lakini huruma nyingine ni kofi. "Mama, umekishika juu chini. Lete nikusaidie. Si lazima usome."

"Kaa."

"Mama, watu wanatuangalia."

"Wewe baba yako alikuwa anakuona mrefu sana. Kaa chini nikuone mfupi."

Akakaa. Nikachora mstari. Nikafumba macho nikamwona kwenye kigoda chake, na mkono wake. Nikaanza kuweka vijiti. Viwili vimesimama kwangu, maana kwake vinashuka. Kimoja kimening'inia kwangu, maana kwake kinapanda. Halafu nafasi tupu. Nafasi ile niliiacha pana, kama yeye alivyokuwa anaiacha, upana wa kidole gumba. Nikaenda hivyo mstari kwa mstari, kinyumenyume, mpaka ukurasa ukajaa. Chakula kilikuwa kinapoa.

Nikakigeuza kitabu kimtazame mwalimu, nikakishika kifuani. "Njoo ukae hapa." Kitinda mimba akamletea kigoda. Nikamwelekeza kwa ufupi: cha chini unashuka, cha juu unapanda, patupu unanyamaza.

Mara ya kwanza alishindwa. Ya pili alipata kugonga lakini akaogopa kimya, akakijaza. Vijana wa siku hizi mnaogopa kimya kama deni.

"Nyamaza hapo," nikamwambia. "Umegonga. Subiri. Mwenye nyumba bado anavaa."

Watu wakacheka, safari hii si kwa ajili yangu. Mara ya tatu akagonga, chini, chini, juu, akanyamaza. Na katika kile kimya yule mzee wa machinjioni, yuleyule, akajibu kwa sauti, "Karibu!" Maana ndivyo walivyokuwa wakimjibu kazini, akiimba huku anachuna ng'ombe. Uwanja mzima ukashika. Mlango unakuja, mama, mlango unakuja, gonga, kimya, karibu! Jirani yangu alipiga makofi mpaka bangili zikalia. Mwanangu wa kwanza alilia, na mie sikumbembeleza.

Mume wangu akagongewa mlango kama alivyoomba. Mwalimu alipomaliza aliweka gitaa chini akasema, "Bibi, nisamehe. Sikujua kama ni maandishi." Angalau huyo alisema neno lenyewe. Nikamwambia nitamsamehe nyimbo zote zikirudi.

Na hazijarudi. Msidhani nimepoa. Zilikuwa ishirini na sita. Mpaka leo nimezirudishia vijiti saba. Kitinda mimba ndiye anayenisaidia, jioni jioni akimaliza wateja. Analishusha gitaa la baba yake ukutani, anakaa kwenye kigoda, mie namshikia kitabu. Vidole vya kusuka vina haraka, anashika upesi kuliko yule wa digrii. Tukifika mahali sikumbuki, tunaacha patupu, na kila patupu kama hapo pananikata, kwa sababu si kimya cha mume wangu, ni shimo la mwanangu. Kuna nyimbo nne sikumbuki kijiti hata kimoja. Alizipiga mara chache, na siku hizo nadhani nilikuwa nasinzia na daftari kifuani. Mwanangu wa Boko anapiga simu kuuliza zimefika ngapi. Namtajia hesabu, nakata.

Kwa hiyo nyie mnaosoma. Kama ulikaa mtaa huu, au ulifanya kazi na mume wangu Vingunguti, au ulipita tu Jumapili mchana ukasimama kusikiliza, huenda mkono wako unakumbuka nilichosahau. Na kama hapa nimemkalisha mtu mahali ambapo hakukaa, au nimemwekea mtu neno la mwenzake, nirekebishe. Jina lako ninalo, nitakuamini. Ila njoo mwenyewe, uniambie kwa mdomo, nikiwa nimekaa mbele yako. Penseli ipo mezani. Kalamu nyekundu iache kwako.